Bega linalouma miezi baada ya kuanguka: nilivyolifungua langu

Nilianguka na bodaboda Kimara, mwezi wa nne, masika yamekolea. Tulikuwa tunashuka kilima kuelekea nyumbani kwangu, tairi la nyuma likateleza kwenye tope, nami nikatanguliza mkono wa kulia. Kijana wa boda aliinuka na mchubuko wa goti. Mimi niliinuka nimelishika bega, na sikuliachia kwa muda mrefu.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 52, kibanda changu kiko Kariakoo. Mkono wa kulia ndio unaokata kitambaa, ndio unaoshika pasi, ndio unaonilisha. Kwenye kituo cha afya nilikopelekwa walinipiga picha ya eksirei, wakaniambia mfupa mzima, wakanipa dawa za maumivu na kuniambia nikapumzike. Nikapumzika. Nilifunga mkono kwa kanga, tanzi shingoni, wiki sita nzima. Nilipoufungua, ulikuwa umegoma. Sikuweza kuchana nywele, sikuweza kufunga sidiria kwa nyuma, sikuweza kuinua mikono nikitaka kusali. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi: nikigeukia upande wa kulia, naamka nalia.

Naandika kwa ajili ya mtu aliyefika hapo. Si kwa aliyeumia jana. Wewe uliyeumia jana, bega limebadilika umbo, au mkono umekufa ganzi, au huwezi kuusogeza kabisa, nenda hospitali sasa hivi. Na wewe ambaye bega la kushoto limeanza kuuma ghafla bila kuanguka popote, kifua kinabana, jasho linakutoka na pumzi inakata, hilo huenda ni moyo. Usitafute mafuta ya kuchua. Tafuta gari.

Kabla hujaanza zoezi lolote, jua bega lako linaumwa nini. Hapa ndipo nilipopoteza miezi minne. Picha waliyonipiga huonyesha mfupa, lakini bega si mfupa peke yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kibakuli kinachokipokea ni kidogo, kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne na kano zake, pamoja na mfuko laini unaokizunguka kiungo chote. Kano ikichanika, picha ya kawaida haiioni. Panahitajika altrasaundi au MRI, vipimo vinavyoona na misuli na kano. Mfuko ukivimba na kunywea, picha hiyo nayo haisemi kitu. Kwa hiyo ukiambiwa "mfupa mzima," shukuru Mungu, lakini usidhani umeambiwa "bega zima."

Kuna kipimo kidogo unachoweza kufanya nyumbani na mtu mwingine. Inua mkono wako mwenyewe mpaka unapoishia. Kisha legeza kabisa, mwambie mwenzako auinue taratibu. Kama yeye anaufikisha juu vizuri ila wewe mwenyewe huwezi, huenda kano imechanika. Wahi kumwona daktari wa mifupa, kwa sababu kano iliyokaa muda mrefu bila kurekebishwa ni ngumu kuitengeneza. Kama hata yeye anakwama palepale ulipokwama wewe, kana kwamba kuna kitu kimegota ndani, hilo huenda ni bega lililoganda, yaani ule mfuko umenywea. Langu lilikuwa hilo. Na kama maumivu yanaanzia shingoni na kuteremka mpaka vidoleni yakiwa na ganzi na vichomi, huenda bega halina kosa, shida iko shingoni. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari. Kinakusaidia kumweleza.

Kwa hapa Dar, ngazi ya kawaida ni kuanza zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa kwenda hospitali ya mkoa, yaani Mwananyamala, Amana au Temeke, kutegemea unakoishi, na ikibidi mpaka MOI, taasisi ya mifupa iliyo ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Ukifika, taja neno fiziotherapia wewe mwenyewe. Wengine wanaita mazoezi tiba. Usisubiri uambiwe. Mimi sikujua kuwa kuna watu waliosomea kazi hiyo tu, nilidhani ni mambo ya wachezaji mpira. Kama una bima, uliza kabla ya kwenda kama mazoezi tiba yamo, na kama lazima uwe na karatasi ya rufaa.

Mtaalamu wa mazoezi tiba niliyempata alikuwa kijana, rika la mwanangu wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mara ya mwisho kupima sukari ilikuwa lini?"

Nikamwambia sikuja kwa sukari, nimekuja kwa bega. Akasema, "Najua, mama. Ndiyo maana nauliza." Akanieleza kuwa bega kuganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake zaidi kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi kuliko wasio nacho. Nikarudi kupima asubuhi kabla sijala, ikasoma 8.4. Wakarudia siku nyingine, bado juu ya 7, pale kisukari kinapoanzia. Ndivyo nilivyojua kuwa nina kisukari: kupitia bega. Nakuomba, kama bega lako limeganda na hujawahi kupima sukari, pima wiki hii. Kipimo cha kidole ni cha dakika chache.

Akaniambia na jambo la pili, ambalo ningeambiwa siku ya kwanza nisingelia sana: bega la namna hii huchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Kwanza huuma sana, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua ila hukaza. Mwishowe hulegea polepole. Niliumia kusikia, lakini baada ya hapo sikuhangaika tena kutafuta wa kunifungua kwa siku moja.

Maana nilikwisha kuhangaika. Mwezi wa tatu wa maumivu nilipelekwa kwa mchuaji mmoja. Alinipaka mafuta ya karafuu, hayo hayakuwa na ubaya, yalitia joto na harufu nzuri. Ubaya ulikuja aliposhika mkono na kuuvuta juu kwa nguvu ili "mishipa ikae sawa." Nilisikia kitu kama kitambaa kinachochanwa. Wiki mbili sikulala. Kuchuliwa juu juu, misuli ya shingo na ya mgongoni ilegee, sawa, kunaburudisha. Kuvutwa, kataa. Hata kama anayevuta ni mtu unayemheshimu, mwambie "samahani, hapo basi."

Mimi mfuko ule nauelewa kwa lugha ya kazi yangu. Umeshona gauni la pamba, hukulowesha kitambaa kabla ya kukata. Mteja analifua mara moja, linanywea, kwapa linabana, mkono haupandi. Ukilivuta kwa nguvu, mshono unaachia. Ukilivaa na kulinyoosha kidogo kidogo likiwa na unyevu na joto, linakupa nafasi kidogo, kesho nyingine.

Basi tuje kwenye mazoezi yenyewe. Kwanza joto. Maji ya moto kwenye chupa, izungushie kanga, weka begani dakika 15. Wenye kisukari tupime joto hilo kwa mkono mzima, ule usioumwa, kwanza, ngozi yetu wakati mwingine haisikii inavyoungua. Barafu nayo ina kazi yake, pale bega linapowaka baada ya kulichosha: funga kwenye kitambaa, dakika 15 zinatosha, usiweke barafu tupu kwenye ngozi.

La kwanza ni kuning'iniza. Shika meza kwa mkono mzima, inama kama mtu anayerukuu nusu, uache mkono mbovu uning'inie wima. Usiuzungushe kwa misuli ya bega. Tikisa kiwiliwili chako, mkono ufuate wenyewe, duara ndogo kama mdomo wa kikombe, kisha kama sahani. Mara kumi kulia, mara kumi kushoto. Utaona ajabu: mkono uliokataa kwenda popote, ukiinama unakwenda. Hili ndilo zoezi unaloweza kuanza nalo hata siku ambayo maumivu ni makali.

La pili ndilo lililonipa moyo, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Simama mbele ya ukuta, umbali wa kiwiko mpaka ncha za vidole. Weka vidole viwili vya mkono mbovu ukutani, vipandishe kama mdudu anayetembea, kimoja, kingine, kimoja, kingine. Usiinue bega kuelekea sikioni na usijipinde mgongo, huko ni kujidanganya. Ukifika mahali panapovuta, simama, hesabu mpaka kumi, pumua, shuka kwa vidole vilevile. Usiuangushe mkono.

Siku ya kwanza nilichukua chaki ya fundi nikaweka alama ukutani, nyuma ya cherehani yangu, pale vidole vilipoishia. Kisha nikachukua futi, ile ya kupimia wateja, nikapima kutoka sakafuni: sentimita 131. Ndiyo kimo cha bega langu, yaani nilikuwa sipandi chochote. Nikapima na mkono mzima: 194. Basi kila Ijumaa kabla ya kufunga kibanda nikawa naweka alama mpya na tarehe. Wiki ya pili, 132. Wiki ya tatu, 132 tena, nikakata tamaa. Wiki ya tano, 139. Kuna wiki moja ilishuka ikarudi 136, nilikuwa na kazi za sare za harusi na sikufanya zoezi siku nne. Ukiliangalia bega kwa siku, utaona halisogei, na utaacha. Likitazamwa kwa alama za chaki, zilipanda kama ngazi, ukutani, mbele ya macho yangu. Mwezi wa tatu wa mazoezi nilikuwa 158. Kama huna chaki ya fundi, kalamu ya risasi inatosha, ilimradi upime siku moja ile ile ya wiki.

La tatu, kwa ajili ya mkono kufunguka kwenda nje. Lala chali, viwiko vyote viwili vigande ubavuni, vimekunjwa. Shika kijiti kwa mikono miwili. Mimi natumia rula ya mbao ya kukatia nguo, mpini wa fagio pia unafaa. Mkono mzima uusukume ule mbovu kwenda nje, taratibu, kiwiko kisitoke ubavuni. Kwa bega lililoganda huku ndiko kunakokuwa kugumu kuliko kote, kwa hiyo usishangae ukisogea upana wa vidole viwili tu.

La nne, la kanga, lisubiri mpaka maumivu ya usiku yapungue. Pitisha kanga iliyosokotwa juu ya bega zima, ncha moja iteremke mgongoni. Mkono mbovu uishike ile ncha kwa nyuma, mkono mzima uvute kwa mbele, kidogo kidogo. Hili ndilo lililonirudishia sidiria.

Mara tatu kwa siku, dakika kumi kila safari. Mimi nimeyafunga na sala: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya Isha. Adhana ikiita sihitaji kukumbuka. Miezi ile sikuweza kusujudu kwa sababu kuegemea mkono kulikuwa kama kuchomwa, nikasali nimekaa kwenye kiti. Takbira nilikuwa naiinua mpaka pale mkono unapofika, na kila wiki mbili tatu nikaona unafika mbele kidogo.

Sasa kipimo cha maumivu, maana bila hiki utajiumiza au utaogopa bure. Yule kijana wa mazoezi tiba alinifundisha kuhesabu: sifuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu ya kupiga kelele. Wakati wa zoezi unaruhusiwa kufika nne. Ukimaliza, yashuke ndani ya saa moja. Kama asubuhi ya pili bega linauma kuliko jana, ulizidisha. Punguza nusu, usiache. Watu wengi wanaacha hapo, wanasema "mazoezi yamenizidishia." Hayakukuzidishia, yalikuwa mengi mno kwa siku hiyo.

Usingizi. Hakuna aliyeniambia mapema, na naona ni ukatili mtu kukaa miezi bila kulala wakati dawa yake ni mto. Ukilala chali, weka mto mwembamba au kanga mbili zilizokunjwa chini ya kiwiko na mkono wa juu, ili mkono usidondoke nyuma ya usawa wa mwili. Ukilala kwa upande mzima, kumbatia mto mnene mbele ya kifua, mkono mbovu upumzike juu yake. Joto la Dar la mwezi wa kwanza na mto kifuani ni shida, najua. Elekeza feni miguuni. Nililala saa tano mfululizo usiku wa kwanza nilipofanya hivyo, baada ya wiki nyingi.

Dawa nitasema kwa ufupi ila kwa mkazo. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima anaweza kumeza mbili, na zisizidi nane kwa saa 24. Ukimeza saa moja kabla ya kulala husaidia. Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza zaidi, lakini ni za ukoo mmoja, kwa hiyo usizichanganye, na si za kumeza wiki baada ya wiki kwa kununua mbili mbili duka la dawa. Mimi nilifanya hivyo, tumbo likaanza kuwaka moto. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, au shida ya figo azungumze na daktari kwanza. Kuna pia sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, inayochomwa ndani ya bega lenyewe. Inapunguza maumivu, hasa ikichomwa mapema, na inakupa nafasi ya kufanya mazoezi. Wenye kisukari mjue kuwa inapandisha sukari kwa siku kadhaa. Mimi nilichomwa moja, sukari ilipanda siku nne, nikawa napima asubuhi na jioni, kisha ikatulia.

Mwisho kazi na barabara, maana mazoezi ni nusu saa na siku ni ndefu. Majora ya vitambaa niliyashusha yote kutoka rafu ya juu, nikayapanga kati ya kiuno na kifua. Pasi ya mkaa niliikabidhi kwa kijana ninayemfundisha kazi, mpaka leo ni yake. Ndoo ya lita 20 ya maji ina kilo 20, usiiguse. Tumia madumu ya lita 5, mkono ukae karibu na mwili. Mkoba uhamie bega la pili. Ndani ya basi la mwendokasi usishike bomba la juu, gari likifunga breki ghafla bega ndilo linalokukamata. Shika nguzo ya wima kwa mkono mzima, upande mbovu uwe kwenye kioo, na ukiona msongamano wa kituo cha Gerezani jioni ni wa kusukumana, acha gari moja lipite. Mimi nilikuwa naona aibu kuwaambia watu "jamani bega linauma." Siku niliyosema, mama mmoja alinisogezea kiti bila kuuliza.

Mkono ukiwa unapanda vizuri na hulii tena usiku, ongeza nguvu. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa cha mlango, kiwiko ubavuni na kitambaa kilichokunjwa kati yake na mbavu, vuta taratibu kwenda nje, mara kumi, siku moja moja kwa kuruka. Hapo ndipo nilipo sasa.

Masika yamerudi. Ijumaa iliyopita chaki ilisimama 187. Nimeanza kupima na mkono wa kushoto kila wiki, kwa chaki ya bluu, kwa sababu yule kijana wa mazoezi tiba aliniambia bega la pili nalo linaweza kuganda, na hili nataka kuliona mapema.